Barua ya Majina Matano

Baba yangu alinifundisha kusoma kwa sababu macho yake yalikuwa yanakufa. Alikuwa mwalimu wa Kurani katika kijiji kimoja karibu na Kibiti, na kabla mimi sijavunja ungo alikuwa hawezi tena kutofautisha herufi moja na nyingine. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyepaswa kuishika kazi ile, alipenda jembe kuliko kitabu. Basi nikashika mimi. Watu walipoleta barua zao, nilikaa mkekani nyuma ya baba nikamnong'oneza maneno, naye akayatoa kwa sauti yake kubwa, na watu wakarudi makwao wakisifu macho ya mwalimu.

Nilipoolewa Mbuchi, kule ambako mto unagawanyika mikono mikono kabla ya kuingia baharini, nilidhani kusoma nimekuacha nyuma pamoja na utoto. Mume wangu alikuwa mkata mikoko. Baba yake, mkwe wangu, alikuwa jumbe wa kijiji. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ninasoma, kwa kuwa baba alimwambia siku ya posa, kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja ila ya bidhaa anayoiuza.

Ujumbe wa siku zile haukuwa heshima. Mdachi alikuwa amemweka akida, na akida alimweka jumbe, na kazi ya jumbe ilikuwa kutoa watu: wa kulima shamba la pamba, wa kukata boriti, wa kubeba mizigo. Asiyetokea, jumbe alimjibia kwa mgongo wake mwenyewe. Niliwahi kumwona mkwe wangu amelazwa kifudifudi mbele yetu wanawake na watoto wetu, akipigwa kiboko kwa sababu magugu yalionekana katika pamba. Alipoinuka alikung'uta mchanga kwenye kanzu yake, akasema, "Kesho wote mapema." Akaingia ndani. Hakutoka siku mbili.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaosimulia vita ya Maji Maji huwaweka majumbe wote kapu moja.

Habari ya maji ilitufikia mwishoni mwa mavuno ya mpunga. Walioileta ni watu waliotoka juu kwa mitumbwi. Walisema kuna mganga kule Ngarambe, mwenye dawa ya maji, na anayenyunyiziwa na kunywa, risasi ya Mdachi ikimgusa hugeuka maji yakamchuruzika. Walisema watu wanakwenda kwa makundi. Shambani wanawake walizungumza wakiwa wameinama, bila kutazamana. Mume wangu alisema ni uongo, halafu baada ya kitambo akaniuliza, "Kwenu Kibiti wamekwenda?"

Jirani yetu alikwenda. Nyumba yake na yetu ziligawana ua mmoja, na mkewe ndiye aliyekuwa akitwanga nami kila siku, mchi wake na wangu katika kinu kimoja. Binti yao mdogo alikuwa na homa isiyoisha, na yule baba alisikia tu kwamba kuna dawa. Hakuuliza ni dawa ya nini. Alirudi na kibuyu kidogo cha maji yale, akampaka mtoto kichwani, na homa ikashuka. Hakuwahi kushika mkuki. Nami nililijua hilo.

Siku chache baadaye kaka yangu alikuja kunitazama. Alikuwa na mke na watoto wawili huko nyumbani, na mgongo wake ulikuwa na mistari ya kiboko cha shamba la pamba iliyopandana kama makuti ya paa. Shingoni alikuwa amefunga kipande cha unyasi. Nilifurahi sana kumwona, nikapika wali na samaki, nikautandika mkeka. Akautazama ule wali.

"Siwezi kula," akasema.

"Una nini? Unaumwa?"

"Nimekunywa dawa," akasema, akagusa unyasi wa shingoni. "Ina miiko yake. Siwezi kula chakula cha mwanamke."

"Mimi si mwanamke, mimi ni dada yako."

Akacheka kidogo, lakini hakunyoosha mkono. Tulikaa vile, sahani kati yetu, wali ukipoa. Akaniambia kwamba siku imekaribia, kwamba Wamatumbi watang'oa pamba na kila mtu ataifuata ishara ile. Alitaka mume wangu aende naye. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni akinoa shoka, na hakuinua uso.

"Shemeji," akasema, "baba yangu ni jumbe. Nikiondoka leo, kesho wanamlaza chini."

"Analazwa hata ukikaa."

Mume wangu akaendelea kunoa shoka. Kaka akaondoka kabla ya adhuhuri, na ule wali nikampa mke wa jirani.

Pamba iling'olewa. Tulisikia maduka yamechomwa, kisha tukasikia askari wameshuka Mohoro na bunduki za kufyatua risasi mfululizo. Waliokuwa na ndugu visiwani walikimbilia huko. Mwalimu wa msikiti wetu alifunga vitabu vyake kwenye jamvi, akapanda mtumbwi kwenda Kiongoroni, na asubuhi ile hapakuwa na adhana. Kila mtu alijua kwamba hapo tulipo ni katikati: wapiganaji wako nyuma yetu, na boma la Mdachi liko ubavuni.

Kaka alirudi siku ya nane tangu tuliposikia habari za vita. Nilikwenda kupalilia kunde kandokando ya mto, ambako mpunga ulikuwa umeshavunwa na madungu, vichanja virefu vya kulindia ndege, yamebaki matupu. Nilisikia mtu akikohoa juu ya dungu letu. Nikapanda ngazi, jembe mkononi. Alikuwa amelala ubavu, paja amelifunga kwa kipande cha kaniki kilichogeuka cheusi zaidi kwa damu. Unyasi wa shingoni haukuwapo.

Nikamuuliza, "Na yale maji?"

"Hayakufanya kitu," akasema. Kisha akageuza uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilimlisha wali wangu kwa mkono, naye akala kama mtoto.

Kwa siku tano nilikwenda kwenye kunde zangu na chakula chini ya majani kikapuni. Mume wangu aliona kwamba wali unapungua. Siku ya tatu aliniwekea pembeni ya kikapu dawa ya jeraha, majani aliyoyatwanga mwenyewe, akatoka bila neno. Nilijua basi kwamba anajua. Hatukulitamka, hata tukiwa wawili, kwa sababu ukuta wa udongo una masikio na baba yake alilala upande wa pili.

Siku ya sita ndipo ilipokuja barua.

Aliyeileta alikuwa tarishi wa akida, mtu mzima mwembamba niliyemwona mara nyingi. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mkwe wangu alimketisha barazani, akaishika barua, akaigeuza, akakumbuka kwamba mwalimu hayupo. Kisha akaniita.

"Mwanangu, njoo. Njoo unisomee."

Tarishi alinitazama kwa mshangao. Mume wangu, aliyekuwa akichonga kafi uani, aliacha kuchonga. Nilifunga vizuri kaniki yangu, nikaketi kwenye ncha ya mkeka, nikaipokea.

Baba alinifundisha jambo moja tangu zamani: usifungue mdomo kabla macho hayajafika mwisho wa barua, maana barua nyingine hubeba msiba na inafaa ujue unakokwenda. Basi nikaisoma yote kwa macho. Ilianza kwa salamu ndefu, kama kawaida, kumtakia jumbe afya na rehema. Kisha ikasema: watu wafuatao wamekunywa maji ya Ngarambe na wameonekana katika nchi yako, wakamate, wafunge, nitakuja Ijumaa kuwachukua, na asiyepatikana, wewe utakuwa badala yake. Chini yake yalipangwa majina, moja chini ya jingine. La kwanza lilikuwa la mchonga mitumbwi wa ng'ambo. La pili lilikuwa la jirani yetu. La tatu la mtu nisiyemjua. La nne, pamoja na jina la baba yetu na kijiji chetu, lilikuwa la kaka yangu. La tano la kijana ambaye tulikwisha kusikia kwamba amekufa vitani.

"Mbona kimya?" mkwe wangu akauliza.

"Mwandiko ni mbaya, baba."

Nikaanza kusoma. Salamu nilizisoma polepole kuliko salamu zote nilizowahi kusoma. Nikafika kwenye majina. Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili, na sauti yangu ilikuwa ileile. Nikasoma la tatu. Kisha nikasoma la tano, nikaikunja barua.

"Wanne," akasema mkwe wangu.

"Wanne."

Tarishi akakohoa. "Samahani, jumbe. Mimi siijui kalamu. Lakini akida alipokuwa akinikabidhi alisema, mpelekee majina matano."

Nikainua macho nikamtazama yule tarishi usoni, jambo ambalo mwanamke wa rika langu hakulifanya.

"Hapa yameandikwa manne. Labda alikosea kusema."

"Labda," akasema. Lakini hakuondoa macho kwangu.

Mkwe wangu alinyoosha mkono, nikampa barua. Aliikunjua, akaitazama kwa muda, akaikunja tena na kuiweka ndani ya kofia yake. Akasema, "Mletee mgeni maji anawe, ale." Nikaenda jikoni.

Jirani yetu alikamatwa kabla ya alasiri. Hakukimbia. Alikuwa anasuka tenga, na alipowaona alidhani wamekuja kumwita kazini. Mmoja wa waliotumwa kumfunga alikuwa mume wangu. Nilimwona akimfunga mikono kwa kamba ya ukindu, kamba ileile waliyokuwa wakifungia boriti pamoja, na nilimsikia akimwambia, "Nisamehe, ndugu yangu." Jirani alisema, "Lakini mimi nilifuata dawa ya mtoto tu. Mwambieni akida." Mkewe alitoka na unga mikononi. Akamwuliza mkwe wangu kosa ni nini, akaniuliza na mimi. Nilimshika bega.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda na maji yalipoanza kujaa kwenye mikono ya mto, mume wangu alimchukua kaka yangu dunguni. Alimlaza chini ya mtumbwi, akamfunika matete, akamwekea juu shoka na makafi, kama mtu anayekwenda kukata mikoko. Alirudi jioni na boriti sita na mikono iliyochubuka. Aliponipita akasema, "Amefika Kiongoroni," na ndiyo mara pekee tuliyoizungumzia safari ile mpaka alipokufa.

Ijumaa akida alikuja na askari kumi. Watatu walipatikana: mchonga mitumbwi, jirani yetu, na yule wa tatu. Yule kijana alikuwa ameshakufa vitani, na watu waliapia hilo. Akida alikuwa na nakala yake. Aliifungua mbele ya kijiji kizima, akahesabu kwa kidole.

"Na huyu mwingine? Mtu wa Kibiti?"

"Huyo sikusomewa," akasema mkwe wangu.

"Nani alikusomea?"

Nilikuwa nimesimama na wanawake. Tarishi alikuwa nyuma ya akida, ameshika mwavuli wake. Nikaona macho yake yakinitafuta katika umati, yakanipata.

"Mpita njia," akasema mkwe wangu. "Mwalimu wetu alikimbia. Alipita mtu wa kutoka Mafia, nikamwomba. Sikumjua jina."

Akida akageuka kwa tarishi. "Ni kweli?"

Tarishi akahamishia mwavuli mkono wa pili. "Mimi nilikabidhi barua nikaenda kunawa, bwana. Sikukaa kusikiliza."

Kwa nini alisema hivyo sijui. Labda aliogopa kuulizwa mbona hakusisitiza. Labda alikuwa na dada. Baada ya vita nilimtafuta nimuulize, nikaambiwa amehamia Kilwa.

Mkwe wangu alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, palepale, kisha akafungwa mnyororo mmoja na wale watatu. Nilisimama nikahesabu kila fimbo kimoyomoyo. Ilikuwa fimbo yangu, kila moja. Wakaondoka kwa miguu kuelekea Mohoro. Mke wa jirani aliwafuata mpaka ukingoni mwa mkono wa kwanza wa mto, akiwa amembeba yule binti mgongoni, ili askari wamwone mtoto na waelewe. Hawakugeuka.

Jirani alinyongwa Mohoro pamoja na mchonga mitumbwi. Yule wa tatu alikufa gerezani. Habari tuliletewa na mchuuzi wa chumvi, ambaye aliitaja katikati ya habari nyingine.

Ikaja njaa. Mashamba yaliyochomwa huko juu hayakupandwa, na wenye njaa walishuka kwetu hadi sisi pia tukamaliza. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, na ilipokwisha tukachimba ndiga, ambayo lazima uiloweke siku nyingi la sivyo inaua. Nilichimba pamoja na mjane wa jirani yangu. Tuligawana kila tulichopata, nusu kwa nusu, na mara nyingine nilijipunja kwa makusudi, nikidhani kwamba kwa njia ile ninalipa kitu.

Mkwe wangu aliachiwa siku ambazo hata mvua ilikuwa imekataa. Hakuwa jumbe tena, wala hakuweza kunyooka. Nilimpikia uji mwembamba, nikamshika kichwa anywe. Siku moja alisukuma kata pembeni.

"Mwanangu," akasema, "mimi kusoma sijui. Lakini kuhesabu mistari najua."

Nikapiga magoti nikataka kumshika miguu, akanizuia.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Nilikuwa nimechoka kutoa watu," akasema. "Nikaona, huyu mmoja asitoke kwangu." Kisha akaomba uji wake. Alifariki kabla mpunga mpya haujaiva.

Kaka yangu aliishi. Alikata mikoko Kiongoroni kwa jina jingine, akichechemea, akimkatia boriti Mdachi yuleyule aliyempiga risasi. Mkewe na watoto walimfuata baada ya miaka miwili. Nilipomtembelea tulizungumza juu ya samaki na watoto. Kuhusu barua sikumwambia, maana nilijua angeniuliza wengine walikuwa nani.

Miaka ilipita, Wadachi nao wakaondoka katika vita vyao wenyewe, wakaja wengine. Mimi nikaanza kuwafundisha wasichana kusoma, barazani pangu, bila kunong'ona. Watu walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Mjane wa jirani yangu alimleta binti yake, yuleyule wa homa, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na alitaka kujisomea Kurani. Kila alipoinama juu ya ubao nilimwona baba yake akisuka tenga. Mwezi mzima nilivumilia. Kisha nikaenda kwa mama yake, nikamkuta anapepeta mchele, nikaketi na nikamwambia yote: barua, majina, sauti yangu.

Hakuacha kupepeta. Ungo ulipanda ukashuka.

"Jina lake lilikuwa la ngapi?" akauliza.

"La pili."

"Na la kaka yako?"

"La nne."

Halafu akasema, polepole, kama anayenishika mkono kunivusha, "Basi ulipolisoma la mume wangu, ulikuwa hujalifikia la kaka yako. Ulikuwa hujajua."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kupita, tukazeeka pamoja kama ndugu. Nilitazama mikono yake, iliyochimba ndiga na yangu.

"Nilikuwa nimeshaisoma yote kwa macho," nikasema, "kabla sijafungua mdomo. Ningeweza kuyaruka yote mawili. Niliogopa wakiwa watatu tu hawataniamini."

Ungo ukasimama. Aliumimina mchele taratibu kwenye chungu, akaukung'uta ungo, akautundika ukutani. Akasema, "Nenda nyumbani, shoga."

Binti yake hakurudi barazani pangu. Nilisikia baadaye kwamba alimaliza kujifunza kwa mwalimu mwingine, na kwamba anasoma vizuri. Mume wangu alipofariki, yule mjane alikuja mazikoni, akaketi na wanawake siku zote tatu, akapika, akaosha vyombo. Hakuzungumza nami. Siku ya tatu, wenzake walipoinuka kuondoka, alinikuta jikoni peke yangu, akanifunga vizuri kaniki iliyokuwa imenilegea begani, akatoka.